Mwongozo wa Kuiua Injini Kati ya Kitale na Bungoma

Kuligonga gari kwenye ukingo wa daraja la Kamukuywa si ufundi. Yeyote aliyekunywa vya kutosha anaweza, na polisi wataandika ripoti. Mwongozo huu ni wa watu wastaarabu, wanaotaka injini ife taratibu, kwa gharama kubwa, na pasiwe na wa kulaumiwa ila hali ya hewa.

Na kwa hali ya hewa, sisi wa huku tumebarikiwa. Kitale imekaa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon upande mmoja na vilima vya Cherang'any upande wa pili, na alfajiri kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Teremka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, uingie Bungoma saa saba mchana: umeshuka karibu nusu kilomita na joto linakaribia nyuzi 30. Abiria huvua majaketi. Oili iliyo ndani ya injini imepitia makubwa zaidi, kwa kuwa imetoka nyuzi 12 hadi 100 na ushei, na haina jaketi la kuvua. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Hatua ya kwanza: amka na resi

Washa gari saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajafika stendi, na mara injini inapoitika, kanyaga. Piga resi hadi mtaa mzima wa Tuwan ujue kwamba kuna mtu ameamka kutafuta riziki.

Chini ya boneti mambo yako hivi. Usiku kucha oili imejikusanya kwenye sampu, na beringi za krenki zimebaki na utando mwembamba tu. Oili ya 15W-40, ile ya kawaida ya dizeli zetu, ikiwa katika nyuzi 12 huwa na mnato zaidi ya mara 30 ya ule itakaokuwa nao ikifika nyuzi 100. Pampu haijali hayo. Kila mzunguko husukuma kiasi kile kile. Oili ikikataa kupita kwenye vijia vyembamba, presha hupanda, na ikipanda kupita kiasi vali ya kupunguza presha hufunguka na kuirudisha oili ilikotoka. Ndiyo maana gari lenye geji ya presha huonyesha namba kubwa kuliko zote saa ile ile ambayo beringi zinapata oili kidogo kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Mwenye gari hutazama mshale ulivyosimama juu, akatabasamu. Mwache atabasamu. Geji haipimi oili imefika wapi; inapima jinsi oili inavyokaidi kupita.

Kuna waoga ambao huwasha, wakangoja nusu dakika hivi, kisha wakaondoka polepole bila kukanyaga sana hadi wakaribie Kiminini. Wao wamesikia kwamba mshale wa joto la maji hufika katikati mapema, na oili bado iko nyuma sana. Injini zao huishi maisha marefu ya kuchosha, na mafundi hawawajui kwa majina.

Nichepuke kidogo, kwa sababu jambo la presha lina historia tamu. Mwaka 1883 mhandisi mmoja Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za mihimili ya magurudumu ya garimoshi kwa niaba ya taasisi ya wahandisi wa mitambo ya nchini mwake. Akatoboa tundu juu ya beringi ili aongezee oili. Mhimili ulipoanza kuzunguka, oili ikapanda tunduni ikamwagika. Akaziba kwa kizibo cha gome, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita pauni 200 kwa inchi mraba, ambao ndio ulikuwa mwisho wa geji yenyewe. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza sababu kwa hesabu: mhimili unaozunguka huivuta oili na kuibana kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba, na oili hiyo hujitengenezea presha yake inayoubeba mhimili usiguse chuma.

Kwa hiyo krenki ya Probox yako haibebwi na presha ya pampu. Pampu ni mchukuzi tu, anayeifikisha oili mlangoni. Kazi ya kubeba hufanywa na mzunguko na mnato, ndani ya utando wenye unene wa elfu chache za milimita. Oili ikiwa nyepesi mno, utando huvunjika na chuma hukutana na chuma. Ikiwa nzito mno, haifiki kwa wakati, na matokeo ni yale yale. Aliyeelewa aya hii hatafaulu kuiua injini, kwa hiyo nakuomba uisahau kabla ya hatua ya pili.

Hatua ya pili: nunua iliyo nzito kuliko zote

Ingia dukani na ujadiliane.

"Mkubwa, ni ya gari gani?"

"Probox."

"Chukua hii ya hamsini. Nzito, haiishi haraka. Hizo nyepesi ni maji tu."

Usiulize swali la pili. Hasa usiufungue ule mkebe wa kwenye dashibodi na kutoa kijitabu kilichokuja na gari, ambacho kwa kawaida kimeandikwa Kijapani na kimelaliwa na risiti za faini. Injini ya 1NZ iliyo ndani ya Probox nyingi za njia hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya aina ya 5W-30. Ina mfumo wa kubadilisha majira ya vali unaosukumwa na oili yenyewe, na kikaza mnyororo wa taimingi ambacho nacho hutegemea oili ifike upesi. Ukiijaza 20W-50, asubuhi ya Kitale utasikia mnyororo ukigonga kwa muda kabla ya kunyamaza. Fundi atasema ni kawaida. Ni kawaida kweli, kwa injini iliyojazwa 20W-50.

Namba hizo zina maana, ingawa kwetu sisi waharibifu ni mapambo. Inayotangulia herufi W huonyesha oili inavyojimudu kwenye baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyotiririka mapema. Wapo wanaoapa kwamba W ni ya uzito. Ni ya majira ya baridi, na vipimo vyake hufanywa katika baridi ambayo Kitale haijawahi kuiona: kwa 15W, nyuzi 20 chini ya sifuri. Inayofuata huonyesha mnato oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa hiyo 15W-40 na 20W-40 zikishapata moto ni ndugu; zinatofautiana alfajiri tu. Na 40 kavu, isiyo na W, ile inayouzwa kwa matrekta ya zamani, katika nyuzi 12 huwa na mnato wa mara 60 hivi ya ule wa nyuzi 100. Trekta lililotengenezwa kwa ajili yake halina ubaya nalo. Wewe itie kwenye gari dogo la juzi, halafu ukae mbali.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba injini iliyotembea sana na kulika inaweza kusogezwa daraja moja juu, kutoka 30 hadi 40, ikafaidika. Mafundi wazuri hufanya hivyo na siwapingi. Daraja moja, lakini. Kuruka mawili kwa mpigo ndiko tunakokutaka sisi.

Hatua ya tatu: ng'oa themostati

Hii ni fahari ya gereji zetu, na nimeiona ikifanywa kwa ustadi wa kutisha. Fundi hufungua boliti mbili, huchomoa kile kidude cha shaba chenye springi, hukitazama kwa dharau, kisha hukitupa majanini. "Hii ni ya nchi za theluji. Hapa inafanya gari ichemshe tu." Unamlipa na kumshukuru.

Hoja yake ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imeishi muda mrefu. Themostati iliyozeeka hukwama ikiwa imefungwa, na gari huchemsha. Tena katika mwinuko wa Kitale maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, wala hayangoji 100. Kwa hiyo gari lenye kifuniko cha rejeta kilicholegea, na maji ya mtoni badala ya kuulanti, halina akiba ya kutosha. Dawa ya hayo ni kifuniko kizima na themostati mpya. Lakini dawa hiyo haiui injini, kwa hiyo tunaipita.

Themostati ikishatupwa majanini, maji huzunguka kwenye rejeta tangu gari linapowashwa. Asubuhi ya Juni, Kitale imejaa ukungu, injini hutembea kutoka stendi hadi sokoni na kurudi bila kupata moto kamili. Petroli isiyoungua huteleza kando ya pistoni ikaingia kwenye oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli nao huingia, na kwa kuwa oili haipati joto la kuufukuza, hukaa. Baada ya muda, fungua kifuniko cha kujazia oili: utakuta utandu wa rangi ya maziwa ya kahawia umegandamana pale ndani. Watu wenye wasiwasi husema gasketi ya silinda hedi imepasuka, na mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ni injini ambayo haijawahi kupata joto tangu ilipong'olewa themostati yake. Maji na oili visivyopatana hupikana pamoja kuwa tope, na tope huziba chujio la pampu ndani ya sampu. Kisha unashangaa presha imekwenda wapi.

Ajabu ni kwamba injini hiyo hiyo, ikipakiwa magunia ya mahindi na kuteremshwa Bungoma, itaonja joto kali bila kuwa na kinga upande wowote. Baada ya Webuye utaingia nyuma ya trekta la miwa linalokokota matrela mawili. Utatembea gia ya pili, upepo haupiti kwenye rejeta, jua linapiga boneti, na oili inapanda hadi 110, hata 120. Katika nyuzi 120, oili ya 40 ina mnato ambao ya 30 huwa nao katika nyuzi 100. Hujaibadilisha, haijavuja, lakini imeshuka daraja ndani ya sampu. Na kadiri inavyopikwa ndivyo inavyozeeka: makadirio ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya joto la kawaida huongeza kasi ya kuchakaa kwa oili maradufu hivi. Kwa hiyo usibadilishe oili kwa wakati. Ikiwa nyeusi, sema ni ishara kwamba inafanya kazi.

Hatua ya nne: shughulikia taa, usishughulikie injini

Sasa umefika Kanduyi, kuna msongamano, injini iko sailensa, oili imepikika vizuri. Kwenye dashibodi kinawaka kibirika chekundu kinachodondosha tone moja, kama birika la chai la mtu mchoyo. Kinapepesa, kinazima ukikanyaga kidogo, kinarudi ukiachia.

Watu wenye busara ya kuudhi husema hapo usimamishe gari na kuzima injini. Swichi ya taa ile kwa kawaida hungoja hadi presha ishuke kufikia pauni tano hadi saba hivi. Mafundi wa zamani wana kipimo chao cha kukisia: pauni 10 kwa kila mizunguko elfu moja kwa dakika. Kwa hiyo taa ikiwaka ukiwa unaendesha, haikuonyi kuhusu hatari inayokuja. Inakupa habari za msiba uliokwisha kuanza. Ikipepesa kwenye sailensa ya moto tu, una nafasi bado, na ndiyo nafasi ambayo mwongozo huu unakutaka uipoteze.

Njia ya kwanza ni ya bure. Swichi ile huwasha taa kwa kugusisha waya na bodi ya injini presha ikikosekana. Chomoa waya, na kibirika hakitawaka tena maisha yake yote. Ubaya wake ni kwamba mtu mjanja akifungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, ataona taa ya betri imewaka na ya oili haikuwaka, atajua. Kwa hiyo wataalamu wa kweli huiunganisha taa ya oili na ile ya chaji: zinawaka pamoja, zinazima pamoja, na mnunuzi anapeana mkono akiwa na furaha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini wazee hawakuwahi kuuza Probox.

Njia ya pili ni kumwaga oili ya gia ndani ya injini. "Weka ya tisini lita moja, itanyamaza." Itanyamaza kweli kwa muda. Lakini namba za oili za gia zina ngazi yake yenyewe: 90 ya gia ina mnato unaokaribiana na 40 au 50 ya injini, kwa hiyo hata uzito uliodhani umenunua hukuupata. Ulichopata ni viungo vya salfa na fosforasi vilivyokusudiwa meno ya difu, ambavyo kwenye joto la injini vinaweza kuzishambulia beringi zenye shaba. Ukitaka ya 140, omba kabisa. Asubuhi starta itakuambia yenyewe inavyojisikia.

Njia ya tatu ni tritimenti, ile chupa ndogo yenye picha ya pistoni inayong'aa. Humo mara nyingi mna polima nzito za kuinua mnato. Geji hupanda. Beringi iliyolika haijai tena.

Wapo mafundi, Kitale na Bungoma, ambao ukiwapelekea gari la namna hii hawagusi oili kwanza. Hufungua ile swichi kwa spana, hufunga geji ya mshale kwenye tundu lake, hupasha injini hadi iwe moto kabisa, kisha husoma kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3,000. Presha ikiwa nzuri, mgonjwa ni swichi, na swichi ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa mbaya, huanza na vya karibu: kiwango cha oili, aina ya oili, filta, chujio la sampu, pampu, beringi huja mwisho. Hawa ni maadui wa mwongozo huu. Ukiwajua, usimwambie mtu.

Mambo madogo ya kukamilisha kazi

Ukiona oili inaongezeka yenyewe kwenye kijiti cha kupimia, mshukuru Mungu na uendelee. Oili haizaani, hiyo ni dizeli au petroli inayovuja ndani, na mafuta hayo huifanya oili kuwa nyepesi kiasi kwamba hata trekta la miwa halihitajiki. Ukitaka kuzidisha mwenyewe, jaza juu ya alama: krenki itaipiga oili hadi itoe povu, na pampu itasukuma hewa.

Wa bodaboda msijione mmeachwa. Pikipiki yenu ina oili ya lita moja hivi, haina rejeta, haina geji, mara nyingi haina hata taa. Oili ile ile hupoza injini, hulainisha gia na huogesha klachi. Pakia abiria watatu na gunia la viazi, panda kutoka Chwele kwenda Kapsokwony kwa gia ya kwanza, na uijaze oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano. Klachi itaanza kuteleza kabla injini haijafa. Ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa kwa chupa ya soda nayo inafaa, kwa kuwa hakuna ajuaye ilikotoka. Kama ni oili chafu iliyochujwa, ilipaswa kwenda kupakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, na huko ndiko inakofaa.

Injini ikinoki hatimaye, itanoki ukiwa mbali na gereji, na wote waliokushauri watakuwa na kazi nyingine siku hiyo.

Kwa wewe usiyetaka kuua injini, bali unataka kununua iliyokwisha kuuawa na mtu mwingine: ukipelekwa kuona gari Kitale, lione asubuhi likiwa baridi. Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha, uhakikishe kibirika kimewaka. Washa, na uone kikizima huku taa ya chaji ikienda zake peke yake. Kisha usilipe bado. Endesha hadi Kiminini na kurudi, injini ipate moto, iache kwenye sailensa, taa za mbele zikiwa zimewaka, na ukitazame kile kibirika kwa dakika tano nzima bila kuzungumza na muuzaji. Akikuharakisha, muage kwa adabu, upande matatu ya Bungoma.